Bi Mize na Kikande wa Mlangoni

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Nasema pakawa mwamba, na chini ya mwamba maji, na ndani ya maji samaki mwenye meno kama yangu, tena yangu ya zamani, yalipokuwa yote kinywani. Sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kuchuna mkeka, si wako. Nitasema mara moja tu, maana ngano hii ni ya mtu aliyechoka kusema mara mbili.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na kijiji kando ya bahari. Mbele ya kijiji palikuwa na mwamba mrefu wa matumbawe, na katikati ya mwamba palikuwa na uwazi. Watu waliuita Mlango. Maji yakipwa, watu walizamia Mlangoni. Walizamia pweza, walizamia kombe, walizamia kamba. Kijiji kizima kilikula kutoka Mlangoni.

Katika kijiji hicho alikaa Bi Mize. Bi Mize alizamia tangu hajavunja ungo mpaka nywele zikawa nyeupe. Bahari ilimla sikio la kushoto, likawa halisikii hata ngoma. Lakini alichokijua yeye kuhusu bahari hakuna mwingine aliyekijua. Alijua pweza analala wapi. Alijua pono anaguguna jiwe na kunya mchanga. Alijua samaki gani huzaliwa jike akazeeka dume. Watu walimwendea kila siku kumuuliza.

Na hilo ndilo lililomchosha. Si kuulizwa. Kuulizwa, akajibu, kisha mtu akaenda kufanya vilevile alivyotaka tangu alipotoka kwake. Bi Mize alikuwa akisuka ukili barazani, na kila mtu wa namna hiyo alipoondoka, yeye aliuvuta ukili kwa nguvu, kta, ukakatika. Mikeka yake ilijaa mafundo. Aliyelalia mkeka wa Bi Mize aliamka na alama mgongoni.

Siku moja, mwezi ukikaribia kujaa, alikuja Pandu. Pandu alikuwa na kifua kipana kuliko wazamiaji wote na subira fupi kuliko wote. Alikuwa akichechemea, na kisigino kinatoka damu.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Nani kakung'ata?"

"Samaki. Mkubwa, hivi. Rangi ya kijani na manjano, mdomo mnene, jicho limepanda huko juu karibu na mgongo. Sikumfanya kitu. Nilikuwa napita zangu."

"Huyo ni kikande. Alipokujia, ulikimbilia wapi?"

"Juu."

"Akaja?"

"Akaja. Nikazidi kupanda, akazidi kuja. Kanifuata mpaka kichwa kimetoka majini."

Bi Mize akachukua kawa ya kufunikia chakula, akaigeuza juu chini, ncha ikawa chini, mdomo ukawa juu.

"Tazama, mwanangu. Hapa penye ncha ndipo mchangani. Huyu ni jike. Kachimba kishimo, kapuliza maji kwa mdomo, fuu, fuu, fuu, mpaka mchanga umekuwa kama sahani. Ndani ya sahani kataga mayai, na sasa anayalinda. Nyumba yake inaanzia hapa chini, nyembamba. Kila ukipanda, nayo inapanuka. Ukikimbilia juu hujatoka kwake. Umeingia sebuleni."

"Sasa nifanyeje?"

"Kaa chini. Tumbo karibu na mchanga, piga miguu, enda kando. Ukishatoka kando ndipo upande. Juu ni kwake, katikati ni kwake, pembeni ni kwako. Hebu sema."

"Juu ni kwake, katikati ni kwake, pembeni ni kwangu," akasema Pandu.

"Vizuri. Na atalinda siku chache tu. Mayai yakianguliwa, utampita karibu na wala hatakugeukia."

"Nimekusikia, bibi."

Kesho yake Pandu akarudi. Kang'atwa goti.

"Ulikimbilia wapi?" akauliza Bi Mize.

"Juu."

Kta, ukili ukakatika.

Adhuhuri akaja mwingine, kang'atwa kiwiko. "Ulikimbilia wapi?" "Juu." Kta. Alasiri akaja wa tatu, kang'atwa mahali asipoweza kumwonyesha bibi mzee, akasimama tu akakataa kuketi. Bi Mize hakuwa na haja ya kumuuliza, lakini akamuuliza.

"Juu," akasema yule mtu.

"Kwa nini juu? Kijiji kizima nimekiambia pembeni."

"Pumzi, Bi Mize. Pumzi iko juu."

"Pumzi haikukimbii. Ungehesabu mpaka tano ukiwa pembeni, kisha ukaifuata, ungeikuta palepale."

"Kweli, bibi," akasema yule mtu. Akaondoka kwa adabu, na Bi Mize akajua, kwa namna alivyosema *kweli*, kwamba kesho atakimbilia juu.

Mtu mmoja tu alisikia. Huyo aliitwa Mwanache, mtoto wa mdogo wake Bi Mize, mama wa watoto watatu na mzamiaji wa pweza. Alizamia Mlangoni na kijiti chake mkononi. Kikande akamjia, mwiba wa mgongoni umesimama, meno nje. Mwanache akashuka, akalaza tumbo karibu na mchanga, akapiga miguu kwenda kando. Kikande akamsindikiza kidogo. Kisha akasimama, akamtazama kwa jicho moja, akarudi kwenye sahani yake kupuliza mayai. Fuu, fuu, fuu.

Mwanache akatoka na pweza wawili na ngozi yake nzima. Akawaambia wenzake. Pandu akamwambia, "Wewe umekutana na samaki mwingine."

Basi watu wakakusanyika kwa Jumbe. Jumbe wa kijiji hicho aliitwa Shaame. Alikuwa mtu mwema sana, ila alikuwa na ila moja: alikubaliana na kila aliyesema mwisho.

Bi Mize akasema, "Nawaomba siku tano. Yule anachunga mayai, na mayai hayakai. Tena nawaambia jambo jingine. Mnaijua miiba ya bahari, ile mviringo myeusi inayowachoma nyayo? Yule kikande ndiye anayeila. Huipulizia maji mpaka ikapinduka, akaitafuna kwa tumboni, mahali isipokuwa na miiba mirefu. Mkimwondoa, nani ataila?"

"Bi Mize kasema kweli," akasema Jumbe. "Tungoje."

Pandu akasimama. "Na siku hizo tano tutakula nini? Na akitaga tena?"

"Atataga tena," akasema Bi Mize. "Mwezi ukikaribia kujaa, na ukikaribia kuandama. Siku chache, kisha basi. Kwani wake zenu wakijifungua hawakai ndani? Mbona hamwaendei na mikuki?"

Watu wakacheka. Bi Mize hakuwa amesema ili wacheke.

"Sisi ni watu, yule ni samaki," akasema Pandu. "Hatuwezi kufungiwa Mlango na kitoweo."

"Pandu naye kasema kweli," akasema Jumbe. "Kamvueni."

Bi Mize akafungua kinywa ili awe wa mwisho, lakini watu walikuwa wamekwisha simama na kukung'uta nguo. Akabaki na maneno yake mdomoni, kama mtu aliyeweka tonge akakuta ni la moto.

Asubuhi maji yakapwa sana, kupwa kwa bamvu. Wanaume kumi wakaenda Mlangoni na mikuki, wavu, kamba na mtaimbo. Kikande akawapigania. Akamng'ata mmoja, akamng'ata wa pili. Kisha akaona ni wengi, akakimbilia ufa katika mwamba. Akajipenyeza ndani, akasimamisha mwiba wake wa mgongoni, akajikaza. Kti. Pale akafunga kama komeo.

Wakamvuta mkia. Hoo, vuta. Hee, vuta. Kikande hatoki. Wakamfunga kamba. Hoo, vuta. Hee, vuta. Kamba ikakatika, kikande hatoki. Pandu akachukua mtaimbo, akaanza kuponda matumbawe kuzunguka ufa. Ko, ko, ko. Kikande hatoki.

Bi Mize alikuwa amekuja pwani, na Mwanache yu nyuma yake. Alikuja kuwaomba wamwache. Ndilo lililomtoa nyumbani, na mimi sina budi kumpa haki yake hapo. Akaingia majini mpaka kiunoni, akafika penye ufa.

"Mwacheni," akasema.

Hoo, vuta. Hee, vuta.

"Nimesema mwacheni. Mtamkata mkia na hatatoka. Mnavuta kama mnavuta mbuzi."

Pandu akapangusa uso. Alikuwa amechoka, amechubuka viganja, ameaibika mbele ya wenzake. Akasema, "Bi Mize, leo huyu hatumwachi. Kama hujui namna ya kumtoa, tupishe."

Kama hujui.

Bi Mize alisikia neno hilo vizuri kabisa. Likamshuka kifuani. Miaka hamsini chini ya maji, sikio limekwenda, magoti yamekwenda, vijana hawa wote amewafundisha kushika pumzi, na yote aliyosema juma zima hakuna aliyelishika hata moja. Halafu *kama hujui*. Kwake yeye halikuwa tena suala la samaki. Aliona mikono ya wajinga kumi, na kazi inafanywa vibaya, na jibu analo yeye.

"Mimi ndiye nisiyejua?" akasema. "Ondoeni mikono yenu."

Akavuta pumzi, akainama, akatia mkono ndani ya ufa. Akapapasa mgongo wa kikande. Ule mwiba mkubwa wa mbele ulikuwa umesimama kama chuma. Nyuma yake palikuwa na mwiba mdogo, na huo mdogo ndio ufunguo wa ule mkubwa. Akaubonyeza kwa kidole. Tik. Mwiba mkubwa ukalala wenyewe, laini, kama mtu aliyesinzia. Bi Mize akavuta, na kikande akatoka.

"Hivyo," akasema, akichomoza kichwa, maji yanamtiririka usoni. "Hivyo ndivyo anavyotolewa. Hata mtoto anaweza."

Wanaume wakashangilia. Pandu akampokea samaki mikononi mwake. Ndipo Bi Mize alipotazama mkono wake na kuona kwamba hauna kitu.

Pale mchangani, hatua chache tu, ile sahani ilikuwa wazi. Visamaki vya kila rangi, vilivyokuwa vikimwogopa hata akiwa ufani, vikaja mbio, vikaingia ndani, vikala. Mtu hajamaliza kukunja tambuu moja, mayai yameisha. Palibaki kishimo na mchanga.

Mwanache akamsogelea, akamwambia pole pole, upande wa sikio zima, "Mama mkubwa, umewaonyesha?"

Bi Mize aliondoka majini, akaenda nyumbani na nguo zake mbichi, na siku ile hakusuka.

Jambo zuri Bi Mize alilirudia mara ishirini, akalishika mtu mmoja tu. Hili alilisema mara moja, na kabla jua halijatua kijiji kizima kilikuwa kinalijua. Bonyeza mwiba wa nyuma, wa mbele utalala. Wanaume walilijua, wanawake walilijua, hata aliyekuwa hajawahi kulowa magoti alilijua. Wakaenda kila ufa. Tik, akatoka mmoja. Tik, akatoka mwingine. Wakubwa, wadogo, wenye mistari ya rangi ya chungwa, wenye madoa. Nyama yao ilikuwa nyeupe na nzito, watu wakaisifu. Msimu mmoja, na Mlangoni hapakubaki kikande.

Mwaka wa kwanza watu walizamia kwa raha. Hakung'atwa mtu. Pandu alipita mbele ya baraza la Bi Mize akisalimia kwa sauti kubwa.

Mwaka wa pili miiba ya bahari ikaongezeka. Palipokuwa na mmoja pakawa na kumi.

Mwaka wa tatu sakafu ya bahari ikawa nyeusi. Miiba imelala juu ya miiba, na usiku na mchana inaguguna, kru, kru, kru. Iliguguna matumbawe kutoka chini, ikayatoboa, ikayafanya kama mti ulioliwa na mchwa. Mtu akikanyaga, jiwe linavunjika. Pweza wakakosa mashimo, wakahama. Kamba wakahama. Bahari ikichafuka, mawimbi yaliyokuwa yakifia mwambani sasa yalipita, yakaja kulamba viambaza vya nyumba za mwisho. Pandu alikanyaga miiba saba kwa mguu mmoja. Akalala mwezi mzima, mguu umevimba kama gogo, na mkewe akawa anakwenda kuomba mihogo kwa jirani, na jirani naye hana.

Jumbe akaita watu. Kila mtu alijua Bi Mize atakuja, na kila mtu alijua atasema nini. Walikaa wameinamisha vichwa mapema, tayari kupigwa kwa maneno. Wengine walitamani ayaseme upesi yaishe.

Bi Mize akaja, anashikiliwa na Mwanache. Akasimama katikati. Usoni mwake mlikuwa na uchovu wote wa miaka ile, na watu wakaona anautafuna kabla hajasema.

"Mnanijua mimi ni mkali," akasema. "Nimekuwa nawaudhi, nanyi mnaniudhi. Mngenisikia, haya yasingetokea. Hilo ni kweli, na nyote mnalijua, kwa hiyo nimelisema na limekwisha. Sasa nasema langu. Nyinyi mlikuwa na kamba na mtaimbo, na msingemtoa yule samaki mpaka maji yajae. Maji yangejaa, mngekwenda zenu, naye angerudi kwenye mayai yake. Niliyemtoa ni mimi. Kwa kidole hiki. Sikumtoa kwa sababu ya njaa. Nilimtoa kwa sababu niliudhika, nikataka mjue kwamba najua."

Pandu, aliyeletwa amebebwa kwenye kitanda cha kamba, akatazama mguu wake.

"Jumbe," akasema Bi Mize, "leo nataka niwe wa mwisho kusema. Ukinisikiliza mimi, usimsikilize mwingine nyuma yangu."

"Sema, bibi," akasema Jumbe Shaame.

"Kikande yeyote atakayeonekana, mdogo kama ukucha, asiguswe. Na maji yakipwa, kila mwenye mikono ashuke na jiwe, avunje miiba ya bahari. Mwanamke, mwanamume, na wewe Jumbe."

"Mpaka lini?" akauliza Pandu kutoka kitandani.

"Mpaka warudi."

"Watarudi lini?"

Bi Mize akafumba macho kidogo. "Ningejua, Pandu, ningekuambia, ili upate cha kubishia."

Jumbe akatazama kulia, akatazama kushoto. Watu kadhaa walikuwa na la kusema. Akainuka haraka kabla hawajasema, akafunga baraza. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake.

Basi wakaanza. Maji yakipwa, ko, ko, ko. Maji yakijaa, nyumbani. Maji yakipwa, ko, ko, ko. Walinung'unika, msidhani hawakunung'unika. Walisema Bi Mize kazeeka akili. Walisema bahari ni kubwa na mawe ni madogo. Wengine walijifanya wagonjwa, na Bi Mize akawaendea majumbani mwao na fimbo yake, akasimama mlangoni bila kusema neno mpaka wakapona. Yeye mwenyewe, na magoti yale, alikaa majini mpaka kiunoni, akivunja. Hapo ndipo watu walipoacha kujifanya. Huwezi kulala kitandani na bibi wa umri ule yumo baharini analipa kosa lake.

Ikapita miaka saba. Jumbe Shaame alizikwa, akaja mwingine. Matumbawe yakaanza kuota vidole vidogo. Pweza mmoja akaonekana, kisha wawili. Na siku moja, mwezi ukikaribia kujaa, Mwanache akatoka Mlangoni mbio, akapita watu wote bila salamu, akaenda moja kwa moja mpaka kitandani kwa mama yake mkubwa.

"Kuna sahani mchangani," akasema. "Na mwenyewe yupo."

Bi Mize wakati huo alikuwa hawezi kutembea. Pandu, ambaye ndevu zake zilikuwa zimechanganyika na mvi, akaja na mtumbwi wake. Wakambeba, wakamlaza ndani kifudifudi, kichwa kimetokeza nje, macho yanatazama maji. Pandu akapiga kasia pole pole mpaka Mlangoni, akasimama pembeni.

Maji yalikuwa meupe kama kioo. Chini kabisa kikande alikuwa ameinamia mchanga, mdomo chini, mkia juu. Fuu, fuu, fuu. Vumbi la mchanga likipanda kidogo na kutulia.

"Bibi," akasema Pandu, "tusisogee zaidi. Unaona pale alipo? Nyumba yake pale ni nyembamba, lakini huku juu imepanuka. Watu hawaelewi. Wao hudhani wakipanda ndio wamemkimbia. Dawa yake ni kukaa chini na kwenda kando. Halafu analinda siku chache tu, mayai yakianguliwa hana habari na mtu. Mimi vijana nawaambia kila siku, bibi, hawasikii. Unawaambia pembeni, wanakwenda juu. Nimechoka nao."

Mwanache akageuza uso, akatazama mwamba.

Bi Mize alimsikiliza Pandu mpaka mwisho. Hakumkatiza. Hakumsahihisha, ingawa palikuwa na neno moja au mawili ya kusahihisha. Maji yaliugonga mtumbwi, tap, tap.

"Kumbe," akasema.

Na Pandu akaendelea kumweleza.

Basi, nanyi mlionisikiliza, na wewe wa nyuma uliyemaliza mkeka wangu, lishikeni hili. Mama aliye juu ya mayai yake mpisheni, hata akiwa samaki, hata akiwa na meno. Na siku mtakapojua jambo ambalo wenzenu hawalijui, na mkachoka kulisema, nyamazeni mpumzike, kisha mliseme tena. Msilitoe kwa hasira ili muonekane mnajua. Bi Mize alikuwa na ujuzi wa kuokoa kijiji, akautumia mara moja kwa hasira, akalipa kwa magoti yake. Tunamkumbuka kwa sababu alisimama mbele za watu akasema ni mimi.

Ngano yangu imefika ukingoni, naiweka chini. Atakayeiokota aipeleke kwao ikiwa nzima.